Vijumba vya Kauri Vinasingiziwa

Kijumba cha Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, kinaenea kwenye kiganja. Paa lake la nyasi limepakwa rangi ya hudhurungi, kuta ni nyeupe zenye mihimili myeusi, mimea imetambaa kando ya milango, na dohani zimesimama imara juu ya paa. Ukikipindua unakuta kitakoni maandishi yaliyopigwa chapa: jina la nyumba, kijiji cha Shottery karibu na Stratford-on-Avon, namba, picha ya kozi aliyekunjua mabawa, na jina W.H. Goss. Kilitoka katika tanuri za Stoke-on-Trent, Uingereza, kikauzwa kwa wasafiri waliokwenda kuiona nyumba yenyewe na kutaka kurudi na kitu mkononi.

Vijumba vya namna hii vina maadui wa aina mbili. Wako wanaovidharau, na wako wauzaji wanaovivisha sifa zisizo zake. Mimi nawalaumu zaidi hawa wa pili, kwa kuwa maneno yao yamerudiwa minadani mpaka yamechukuliwa kuwa elimu. Nitayajibu madai ya pande zote mbili, yanayostahili maneno mengi kwa kirefu na yasiyostahili kwa kifupi.

Tuanze na dharau. Husemwa kwamba hivi ni vikorokoro vya watalii, vilivyotengenezwa na watu wasiojua wala kujali historia ya majengo. Asemaye hivyo hajui William Henry Goss alikuwa nani. Alizaliwa London mwaka 1833, akafanya kazi katika kiwanda cha Copeland, kisha mwaka 1858 akaanza shughuli yake mwenyewe huko Stoke. Kauri aliyoishughulikia inaitwa pariani, kwa jina la kisiwa cha Paros cha Ugiriki kinachosifika kwa marumaru, nayo ilibuniwa katika eneo hilo la Stoke miaka ya 1840. Ni mchanganyiko wa kaolini, udongo mweupe ambao wakazi wa Dar es Salaam wanaujua kutoka vilima vya Pugu, na jiwe la feldispa lililosagwa. Katika joto kali feldispa huyeyuka na kuushikamanisha udongo wote, hivyo chombo hakihitaji kupakwa utando wa kioo juu yake ndipo kiwe kigumu. Hapo ndipo ulipo ubora wake kwa kazi ya kuigiza majengo. Utando wa kioo hujaza mifereji na kuzungusha kona, lakini kwenye pariani tupu kila mhimili, kila kizingiti na kila safu ya mawe hubaki na makali yake, hata kama ukubwa wake ni wa punje ya mtama.

Goss alikuwa mpenzi wa mambo ya kale, na mwanawe Adolphus ndiye aliyeligeuza penzi hilo kuwa biashara. Kiwanda kilianza kutoa nakala ndogo za vyombo vya kale vilivyohifadhiwa kwenye makumbusho, kila kimoja kikiwa na nembo ya mji. Nyumba zilifuata kuanzia mwaka 1893. Kitakoni palichapwa jina la kitu kilichoigwa na mahali kilipo. Kiwanda cha vikorokoro hakimpi mnunuzi anwani ya kitu cha asili, maana akienda kulinganisha atakiumbua. Goss aliitoa anwani kwa sababu alikuwa tayari kulinganishwa.

Kuhusu watalii, ni kweli, na sioni tusi lolote ndani yake. Reli zilikuwa zimefika pwani na vijijini, na sheria ya mwaka 1871 ikaongeza siku za mapumziko za kitaifa. Karani na mfanyakazi wa kiwanda, ambao baba zao hawakuwahi kusafiri kwa starehe, sasa waliweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Walinunua walichoweza kukibeba. Ladha ya watu wenye siku moja tu ya kutembea ni sehemu ya historia pia, na anayeidharau anapaswa kusema kwa nini sahani za kabaila zinastahili kabati la makumbusho na kijumba cha karani hakistahili. Sisi wa pwani hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Katika nyumba za kale za Lamu, vyombo vya kauri vilipangwa kwenye vidaka vya ukuta vionwe na mgeni, na kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi mabakuli ya Kichina yalijengewa ndani ya mnara wa marehemu. Kauri kuwa chombo cha kumbukumbu si jambo geni kwetu.

Dai linalofuata linatoka kwa wapenzi wenyewe, nalo ndilo linaloniudhi kuliko mengine: kwamba kijumba kinakuonyesha nyumba jinsi mtu mashuhuri alivyoiishi. Chukua nyumba aliyozaliwa Shakespeare katika mtaa wa Henley, Stratford. Mwaka 1847 iliponadiwa na kununuliwa na kamati kwa pauni 3,000, ilikuwa imebanwa katika safu ya nyumba, upande mmoja ukiwa baa na sehemu nyingine ikiwa imetumika kama bucha. Kati ya mwaka 1857 na 1864 ilikarabatiwa. Nyumba za jirani zilivunjwa kwa kuhofia moto, na uso wa mbele ukarekebishwa kwa kufuata picha iliyochapwa mwaka 1769, yaani zaidi ya karne moja na nusu baada ya mwenyewe kufariki. Kijumba cha Goss kinaonyesha nyumba iliyosimama peke yake, safi, yenye madirisha yaliyochomoza kwenye paa. Hiyo ndiyo nyumba aliyoiona mtalii wa miaka ya 1890. Shakespeare angeitambua kwa shida.

Je, kwa hiyo kijumba ni cha uongo? Hapana, na hapa ndipo wapenzi wanapopoteza hazina iliyo mikononi mwao. Kijumba ni shahidi mkweli wa mwaka kilipotengenezwa. Kinatuambia ukarabati ulivyoacha nyumba, rangi zilivyokuwa, na kipande kipi cha jengo kilionekana kinastahili kukumbukwa. Picha nyingi za wakati ule hazina rangi na huonyesha uso mmoja tu, lakini kijumba kina pande nne na paa. Ukikilazimisha kitoe ushahidi wa karne ya kumi na sita, unakifanya kiseme uongo ambao hakikuusema.

Nyumba ya Anne Hathaway inalithibitisha hili vizuri zaidi. Taasisi inayotunza nyumba za Shakespeare iliinunua mwaka 1892, na mwaka uliofuata Goss akaandikisha umbo la kijumba chake. Uharaka huo unaonyesha jinsi kiwanda kilivyofuatilia habari za majengo kwa karibu. Sasa tazama dohani, zile zile ambazo kila mnunuzi huzigusa kwanza. Kwenye dohani moja ya nyumba halisi kuna jiwe lenye herufi I.H. na mwaka 1697, za John Hathaway wa kizazi cha baadaye. Anne alifariki mwaka 1623. Kwa hiyo sehemu hiyo ya nyumba, ambayo kijumba kinaionyesha kwa uaminifu, Anne hakuwahi kuiona. Tena nyumba ile haikuwa kibanda cha maskini kama mapambo yake yanavyotufanya tudhani. Ilikuwa nyumba ya wakulima yenye vyumba kumi na viwili. Na mwaka 1969 moto uliunguza sehemu yake, ikabidi itengenezwe upya. Mtu mwenye kijumba cha zamani anashika taswira ya jengo lilivyokuwa kabla ya moto huo, na hilo ni jambo la kweli na la kutosha kabisa kujivunia.

Nyumba ya Robert Burns kule Alloway, Scotland, ina kisa kinachofanana. Baba yake aliijenga kwa mikono yake, na mshairi akazaliwa humo Januari 1759. Lakini kwa miaka mingi baadaye nyumba ilikuwa kilabu cha pombe, hadi wadhamini wa mnara wa Burns walipoinunua mwaka 1881. Kijumba kinatupa nyumba ya mkulima iliyotulia, yenye paa la nyasi. Walevi hawamo. Anayekiuza kama nyumba ya mwaka 1759 anauza nusu ya habari.

Na wapo wasemao kwamba vijumba vilitengenezwa kwa ajili ya wafu tu. Hao hawajakiona cha David Lloyd George. Huyu alizaliwa Manchester mwaka 1863 akalelewa katika kijiji cha Llanystumdwy, Wales, nyumbani kwa mjomba wake fundi viatu, akawa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1916 hadi 1922. Goss alitoa kijumba cha nyumba hiyo ya utotoni wakati mwanasiasa mwenyewe yu hai. Tena kipo cha namna mbili: kimoja kina kibanda cha ubavuni, kingine hakina. Wakusanyaji hubishana kipi kina thamani zaidi. Mimi ningependa wabishane zaidi juu ya kibanda chenyewe na sababu ya kukiacha.

Sasa namba. Chini ya kijumba cha Hathaway huandikwa Rd. No. 208047. Utasikia ikielezwa kwamba hicho ni kijumba cha 208,047 kutoka kiwandani, au kwamba namba hiyo inathibitisha kilitengenezwa mwaka 1893. Maelezo yote mawili si sahihi. Namba hizo zilitolewa na ofisi ya serikali ya kuandikisha maumbo na michoro, katika mfululizo mmoja ulioanza mwaka 1884 kwa bidhaa za kila aina, kuanzia mazulia na vitambaa hadi majiko ya chuma. Inachosema namba ni kwamba umbo lile liliandikishwa mwaka 1893. Kalibu ikishatengenezwa hutumika tena na tena, na inapochakaa hutengenezwa nyingine kutoka kielelezo kile kile. Kijumba chenye namba hiyo kinaweza kuwa kimechomwa mwaka huo au miongo kadhaa baadaye. Kinachokuhakikishia ni kwamba hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo.

Kozi naye amebebeshwa mzigo usio wake. Wengi huamini kwamba ndege huyo ni sahihi ya Goss mwenyewe, na akionekana tu basi kijumba kilipita machoni pa mzee. William Henry Goss alifariki mwaka 1906. Wanawe waliendelea na kiwanda, na mwaka 1929 kikauzwa kwa kundi la Cauldon. Wanunuzi hao walijua walichokinunua, wakalihifadhi jina pamoja na ndege, wakaongeza neno England chini yake. Uzalishaji uliendelea katika miaka ya 1930, na baadhi ya vitu vilitoka kwenye kalibu za Arcadian, kiwanda kilichokuwa zamani kikishindana na Goss na ambacho sasa kilikuwa chini ya kundi hilo hilo. Kozi ni yule yule, lakini mkono umebadilika. Soma neno lililo chini ya jina kabla ya kufungua pochi.

Kisha kuna dai la nembo: kwamba nembo ya mji iliyochorwa ubavuni inakuambia jengo liko wapi. Kwa vitu vya Goss mwenyewe dai hili lina msingi kiasi. Utaratibu wake ulikuwa kuteua wakala katika kila mji, na wakala aliuza nembo ya mji wake peke yake, hivyo ukitaka nembo ya Ayr ulilazimika kufika Ayr. Lakini mafanikio yale yaliwavuta wengi. Arcadian, Carlton, Willow Art na wengineo walitoa majengo meupe madogo kwa maelfu na kuyabandika nembo yoyote iliyoagizwa na duka. Mnara wa Blackpool uliofunguliwa mwaka 1894, na mnara wa Cenotaph uliozinduliwa London tarehe 11 Novemba 1920 kuwakumbuka waliokufa vitani, yote miwili unaweza kuikuta na nembo za miji isiyohusiana nayo. Nembo hiyo inakuambia kitu kiliuzwa wapi. Na kwa Cenotaph, kwangu mimi, habari hiyo ina uzito wa pekee: mtu alisimama dukani katika mji wa mbali, akachagua mnara wa wafu wa taifa wenye nembo ya mji wake, akaupeleka nyumbani katika miaka ambayo familia nyingi zilikuwa na jina la kuomboleza. Kuuita huo mchanganyiko wa hovyo ni kukosa macho.

Dai jingine linasema chochote kilichoandikwa Germany ni bandia. Hili nalikataa kabisa. Viwanda vya Thuringia na Saksonia vilifanya biashara ya wazi ya kauri za kumbukumbu kwa nchi nyingi. Duka la mji mdogo lilipeleka picha ya kanisa au mahakama yake, na kiwanda kikairudisha imechapwa juu ya kikombe au kijisahani. Marekani ilikuwa soko kubwa. Kule Peoria, Illinois, kampuni ya C.E. Wheelock iliagiza vitu hivi kutoka Ujerumani na kuvisambaza miji mingi. Neno Germany halikuwekwa ili kudanganya, bali sheria ililidai. Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, na Marekani ikafuata kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890 iliyotaka bidhaa ya kigeni itaje nchi ilikotoka. Bandia ni kitu kinachoficha asili yake. Hivi vinaitangaza. Ni kweli kwamba dhahabu yake mara nyingi hufutika na michoro hukosa ule uangalifu wa Stoke, ila kwa miji midogo ya Marekani ambayo mahakama yake ya kwanza imeshavunjwa, kikombe cha Kijerumani ni moja ya taswira chache za jengo hilo zinazobaki mikononi mwa wenyeji.

Husemwa pia kwamba ushindani wa Wajerumani ndio uliomuua Goss. Kama ingekuwa hivyo, vita vya 1914 hadi 1918, vilivyofunga biashara na Ujerumani, vingekiokoa kiwanda. Havikukiokoa. Baada ya vita vijana walitaka nyumba zisizojazwa vipambo, na kabati za shangazi zikawa mzigo.

Kwamba kila cha kale ni ghali, jibu ni fupi. Kijumba cha Hathaway kilitengenezwa kwa miongo na kuuzwa kwa umati, kwa hiyo vimebaki vingi. Kilicho adimu ni kile ambacho wachache walikinunua, kama kijumba cha Holden Chapel, kanisa dogo la Chuo Kikuu cha Harvard lililojengwa mwaka 1744. Uchache ndio unaopandisha bei, na umri peke yake haufanyi kazi hiyo.

Yapo pia madai ya nyufa na matundu, ambayo yamewafanya watu wema watupe vitu vizima na kununua vibovu. Baadhi ya vijumba vikubwa vina nafasi ya kuingiza mshumaa mdogo, na dohani zake ziko wazi mpaka juu. Mshumaa ukiwashwa, mwanga hupenya kwenye ukuta mwembamba wa pariani na kuonekana madirishani, na moshi hutoka kwenye dohani. Nimesikia dohani hizo zikiitwa zimetobolewa, na masizi ya ndani yakiitwa kasoro ya tanuri. Masizi yale ni ushahidi kwamba kijumba kiliwashwa na kutumika kama kilivyokusudiwa. Ningesita sana kuyasugua.

Ufa nao una lugha yake. Ule uliotokea tanuruni una kingo zilizolainika, na mara nyingi rangi imeingia ndani yake, kwa kuwa ulikuwapo kabla mchoraji hajaanza kazi. Huo haupunguzi ukweli wa kitu. Ufa wa kuanguka una kingo kali na mstari wa uchafu, na kijumba ukikigonga kwa ukucha hutoa sauti iliyokufa. Dohani ndizo huvunjika kwanza, na ndizo hutengenezwa kwa siri. Kishike kijumba mbele ya taa yenye mwanga mkali: pariani hupitisha mwanga, wakati gundi na plasta ya fundi mara nyingi huacha kiwingu. Chini ya taa ya urujuanimno rangi mpya hujitenga na ya zamani. Muuzaji anayekataa ukaguzi huo ameshakujibu.

La mwisho ni dai la kukata tamaa: kwamba kiwanda kimekufa, mafundi wamekufa, na sasa kila mtu anaweza kusema analotaka. Nyumba nyingi zilizoigwa bado zimesimama na milango yake iko wazi kwa wageni: ya Shakespeare, ya Hathaway, ya Burns, na ile ya mshairi Wordsworth kule Grasmere. Maandishi ya kitakoni yanakupa anwani. Hata tanuri za Goss, zile ndefu zenye umbo la chupa, zimo katika orodha ya majengo yanayolindwa huko Stoke. Na kiwanda kilitoa pia kijumba cha tanuri yake yenyewe, chenye jina kitakoni kama vingine vyote, kwa hiyo hata nyumba iliyovizaa vijumba hivi unaweza kuikagua kwa kuilinganisha na nakala yake.